Ampli Yetu Mu Kabati la Funguo

Mtoto wangu wa tatu nilimpiga kofi siku moja ya mposho, juu ya kosa ambalo hakulifanya. Ninaanza na hilo, wapenzi wasomaji, kwa kuwa ndilo linanichoma moyo mpaka leo. Lakini habari yenyewe ni ya joto, na ya kabati, na ya chombo kimoja cha muziki ambacho shemeki yangu alituletea kutoka Ubelgiji. Wamama wengi wa huku kwetu wana kabati kama langu. Basi musikilize.

Sisi tunakaa Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi. Bwana yangu anaendesha kamyo, mara nyingi hayuko nyumbani. Mu nyumba tuko na watoto watano, na baba mukwe, ambaye watoto wanamwita nkambo. Mzee huyu alifanya kazi mu mugodi wa Kipushi, chini ya udongo, mpaka ulipofungwa mwaka 1993. Hakuwa mchimbaji. Kazi yake ilikuwa hewa: kutunza vantilateri kubwa, kufunga na kufungua milango ya kuongoza upepo, kutembea mu magaleri kupima kama hewa inafika mahali watu wanatumika. Alizeeka pembeni ya mashine zile, na makelele yao yalikula masikio yake. Ukimsemesha anatazama midomo yako. Mu mazungumzo ya watu wengi anabaki ananyamaza, anacheka kidogo wakati wengine wamekwisha kucheka. Kila mtu mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani anaijua ile cheko.

Mwaka 2022 shemeki alikuja na sanduku zito, kilo 13. Ndani kulikuwa ampli ya kisasa, ile ya kutia ku televizio, na bafle tano ndogo. Wengi wanafikiri vyombo vile ni vya makelele na vijana. Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini kuko bafle moja ya katikati inakaa chini ya televizio, na hiyo ndiyo inasema maneno ya watu. Unaweza kuipandisha yenyewe bila kupandisha muziki na milio mingine. Shemeki aliipandisha, akaketisha mzee ku kiti cha mbele. Walikuwa wanaonyesha mchezo wa kuchekesha wa kutoka Lubumbashi. Mzee alicheka. Na safari hii alicheka pamoja na sisi, wakati ule ule. Bwana yangu alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Toka siku ile, kila magaribi, nkambo alikuwa anaoga mapema na kungojea habari.

Sasa ninakuja ku kosa langu. Nyumba yetu iko pembeni ya barabara, na vumbi nyekundu ya wakati wa kiangazi inaingia hata mu sufuria zilizofunikwa. Tena kuko wezi. Tena kuko watoto wa jirani wenye mikono ya mafuta. Niliita seremala, nikamwambia: nifanyie kabati ya nguvu, mlango mbele na funguo, nyuma ufunge na tripleksi, pasibaki tundu hata la kupita mende. Alitumia mbao za mulombwa, nzito na nzuri. Nilimlipa falanga mingi ambazo nilikuwa ninaweka kwa ajili ya masomo. Televizio ikakaa juu, ampli ndani, dekoda juu ya ampli. Na kwa kuwa ampli ina matundu mengi ku mgongo wake, na mimi niliyaona kama mahali pa kuingiza vumbi, nilikifunika chombo na kitambaa cha krosheti nilichoshona kwa mikono yangu. Kilikuwa kizuri sana. Funguo nilifunga ku ncha ya kitenge.

Kile kitabu cha ampli, chenye kurasa nyingi laini, tulikigawa kwa watoto wafunike madaftari yao.

Mu miezi ya baridi, tangu mwezi wa 6, mambo yalikwenda vizuri. Mu mwezi wa 10 mwaka 2023, wakati joto la huku kwetu linapanda na mvua bado inakawia, ampli ilianza kuzimika. Unaiwasha, inasema dakika 40, kisha *tak*, kimya, na taa ndogo nyekundu inapepesa. Ukingojea, inarudi. Kisha dakika 30. Kisha 20. Kila mtu akatoa neno lake. Bwana yangu akasema ni umeme mubaya, akanunua stabilizateri. Haikusaidia kitu. Jirani mmoja akasema kuna mtu ana jicho la wivu. Mimi nikasema ni watoto.

Na siku ile ya mposho niliingia mu salo, nikakuta kabati wazi, na mtoto wangu wa tatu, wa miaka 14, amepiga magoti, mkono wake mmoja chini ya kitambaa, juu ya ampli. Funguo alikuwa amezitoa ku kitenge changu wakati nilikuwa ninaoga. Nilimwambia:

– Njo wewe unaharibisha kitu ya nkambo!

– Mama, bule! Iko na moto! Gusa, iko na moto!

Sikugusa. Nilipiga. Nkambo alikuwa palepale ku kiti chake, na kwa kuwa ampli ilikuwa imezimika hakusikia neno hata moja. Aliona mkono tu. Alitazama chini. Kwetu baba mukwe hawezi kumkaripia mke wa mwana wake mbele ya watoto, na mimi siwezi kukaa namna yoyote mbele yake, basi kila mtu alibaki na lake. Mtoto alitoka. Kuanza siku ile, wakati wa televizio alikuwa anakaa ku jikoni na kitabu.

Bwana yangu aliporudi alipeleka ampli Lubumbashi kwa fundi. Fundi akaiweka juu ya meza yake, akaiacha iimbe saa tatu nzima. Haikuzimika. Alitoa vumbi ndani, akachukua falanga zake, akasema iko nzima. Tukairudisha mu kabati, nikafunga na funguo, nikarudisha kitambaa. Nusu saa: *tak*.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe, kwa hasira. Fundi ni kijana mpole. Aliniacha niseme yote, kisha akauliza neno moja:

– Mama, munaiwekaka wapi?

Nilimweleza kabati langu na mapambo yake yote. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanipa kiti na kunifundisha, na ninataka kuwapa ninyi pia mafundisho yale kama nilivyoyapokea.

Ampli inachukua umeme na kuugeuza kuwa nguvu ya kusukuma bafle. Lakini haiwezi kugeuza wote. Kwa ampli ya namna yetu, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto tu. Na hapa kuko neno ambalo sikulitazamia: hata sauti ikiwa chini, joto liko. Yetu inakula wati 50 ao 60 bila wimbo wowote, na karibu zote zinakuwa joto. Fundi akaniuliza: mama, umekwisha kuona namna watu wanalea vifaranga? Wanatia balbu moja ya zamani, ile ya waya, mu sanduku, na vifaranga hawasikii baridi usiku mzima. Basi wewe umetia balbu ya wati 60 mu sanduku la mulombwa, umefunga na funguo, na juu yake umeweka blanketi.

Aliifungua ampli nyingine iliyokufa, akanionyesha. Katikati kuko kipande kirefu cha aluminiyo chenye meno kama kitana. Transista zinazosukuma sauti zimefungwa ku kitana kile, zinakipa joto lao, na kitana kinalipatia hewa inayopita katikati ya meno yake. Hewa ikipata moto inapanda yenyewe na kutoka ku matundu ya juu, na ya baridi inaingia kutoka chini kuchukua nafasi. Matundu yale si ya kuingiza vumbi. Ni pua ya chombo. Mimi nilikuwa nimeiziba na krosheti.

Tena akanionyesha vyombo vidogo kama makopo, vinaitwa kondansateri. Ndani yao kuko maji-maji yanayokauka pole pole. Alisema kila digrii 10 za joto zikiongezeka zinakata maisha yao karibu nusu. Ile taa nyekundu, alisema, ilikuwa rafiki yako: ndani kuko mlinzi, joto likipita mpaka anazima chombo kabla hakijaungua. Watu wanaowasha tena na tena bila kungojea wanamchokoza mlinzi mpaka siku moja transista zinakufa. Na neno la mwisho: huku kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi kidogo kupita ya pembeni ya bahari, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Basi nafasi ambayo ingetosha kwa mtu wa Matadi, kwetu inaweza kupunguka.

Nilirudi nyumbani nimekaa mu taksi-bisi na ampli ku magoti. Mu njia yote niliwaza mkono wa mtoto chini ya kile kitambaa.

Usiku ule nilitafuta kitabu. Kurasa za kwanza nilizikuta zinafunika daftari la hesabu la mtoto wangu wa nne, na palikuwa picha wazi kabisa, hata mtu asiyesoma angeielewa: acha santimeta 30 juu, 20 kila upande, 20 nyuma. Mimi juu nilikuwa nimeacha 4, na ndani ya zile 4 nilikuwa nimetia dekoda.

Sasa mtasema: toa ampli inje, iweke juu ya meza, mambo yamekwisha. Ni kweli. Mwenye nafasi, na asiye na wezi, na asiye na vumbi kama letu, afanye hivyo, na habari hii anaweza kuiacha hapa. Lakini kabati lilikuwa limelipwa, wezi wako, na mimi ni mtu mgumu. Tulitaka kuponya kabati.

Kwanza tulipima. Nilichukua kile kipima-joto cha homa, nikakitia mu kabati. Kilifika 42, mwisho wake, na nusura kipasuke. Musifanye hivyo, ndani yake kuko zebaki ambayo ni sumu. Kisha nikaazima cha jirani anayelea vifaranga. Mu salo: 29. Mu kabati, baada ya saa moja: 52.

Bwana yangu alinunua vantilateri ndogo akaitia ndani ya kabati, mbele ya ampli, akafunga mlango. Tulifurahi. Baada ya saa moja: 51. Tulitazamana.

Nkambo alikuwa ananyoosha shingo. Hakujua tunasema nini, lakini aliona ile vantilateri ndogo mu kabati lililofungwa, na uso wake ulibadilika kama wa mwalimu anayeona mtoto ameandika jina lake vibaya. Alisimama. Aligonga tripleksi ya nyuma na kidole.

– Hewa inatokea wapi?

Hakuna aliyejibu.

– Munazungusha paka ile ile, akasema. Mu mugodi, galeri yenye haina kutoka, ukitia vantilateri ndani, batu banakufa na upepo ku uso.

Sijasikia mzee huyu akisema maneno mengi hivyo tangu mama mukwe alipotutoka. Aliketi tena, akaomba chaki, na akaita mtoto wangu wa tatu aliyekuwa jikoni, kwa kuwa magoti yake mwenyewe hayapigi chini tena. Nilipotaka kusema kwamba mtoto yule hana ruhusa ya kugusa kabati, neno lilinikwama ku koo.

Nkambo alieleza, na mtoto akachora juu ya mbao. Mu mugodi wa Kipushi, alisema, ulioshuka zaidi ya mita 1,000, mawe yenyewe yana joto. Kila ukishuka mita 100 linaongezeka kama digrii mbili ao tatu. Pasipo hewa mtu hawezi kutumika. Lakini hewa haisukumwi hovyo. Inaingia ku shimo moja, inatoka ku lingine, na vantilateri kubwa inainyonya ku mlango wa kutoka. Katikati unaipitisha mahali watu wako. Ukikosea mlango mmoja, hewa inakata njia, inatoka bila kufika kwa watu, na mashine inazunguka bure. "Hewa iko mvivu," alisema. "Inapenda njia mufupi."

Siku ya kwanza ya juma seremala alikuja. Kwa haraka yake hakungojea chaki. Alitoboa tundu kubwa la kutoka nyuma, juu, vizuri. Na la kuingia nyuma pia, santimeta 10 chini yake, kwa kuwa tripleksi ilikuwa laini kukata na mulombwa ngumu. Tulifunga vantilateri ku tundu la juu, ikitupa hewa inje. Tukapima: 46. Kidogo.

Nkambo aliomba dawa ya mbu, ile inayozunguka kama konokono. Akaiwasha, akamwambia mtoto aishike karibu na tundu la kuingia, na sote tuinamishe vichwa tutazame moshi na tochi. Moshi uliingia, ukageuka, ukatoka moja kwa moja ku vantilateri. Haukugusa ampli hata kidogo. Njia mufupi! Watoto walipiga makofi kana kwamba ni mchezo wa televizio.

Tundu lile tuliliziba na karatoni na gundi. Seremala, akinung'unika, akatoboa la kweli: sakafuni mwa kabati, mbele, upana wa mkono na urefu wa ampli. Kabati lina miguu ya santimeta 8, basi hewa ya chini, ile ya baridi kupita zote mu nyumba, inaingia pale. Ubao ambao ampli inakalia tuliutoa, tukaweka vipande vyembamba vyenye nafasi katikati, kama kitanda cha fito, ili hewa ipande kupitia tumbo la ampli na kutoka mgongoni. Dekoda ilishuka chini, kwa kuwa chombo chenye joto zaidi ndicho kinapaswa kukaa juu ya vingine. Ukikiweka chini kinawapikia wenzake. Kabati lote tulilisogeza kutoka ku ukuta, santimeta 15. Kitambaa cha krosheti kiko sasa juu ya televizio, kinaning'inia kidogo, na watoto wananiambia kinafunika vichwa vya watu. Tutaona.

Moshi ukawashwa tena. Safari hii uliingia chini, ukapotea ndani ya ampli, na baadaye kidogo ukatoka ku mgongo wake, mwembamba, ukaenda pole pole ku vantilateri. Nkambo alifuatisha na kidole hewani. Alikuwa amefunga jicho moja.

Pasipo vantilateri, matundu peke yake: 42. Na vantilateri: 35. Salo ilikuwa 29.

Niseme kidogo juu ya vantilateri yenyewe, kwa kuwa hapa watu wengi wanapoteza falanga. Ile ya kwanza ya bwana yangu ilikuwa ya mezani, inalia kama nyuki. Fundi wa Lubumbashi alitupatia nyingine, iliyotolewa mu ordinateri ya zamani, upana wake santimeta 12, ya volti 12. Kubwa inayozunguka pole pole inafanya kelele kidogo kupita ndogo inayokimbia, na inasukuma hewa sawasawa. Tena hatukuipa volti 12 zote. Mtoto alikuwa na kile kipande cha kuchomeka cha modemu iliyokufa, cha volti 9. Na volti 9 vantilateri inazunguka vizuri na huisikii, hata mimi ambaye masikio yangu ni mazima. Katikati ya vantilateri na mbao tulitia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili mbao isitetemeke. Waya aliuunganisha fundi mwenyewe. Ku matundu tuliweka grilaji ya chuma juu ya panya. Bwana yangu alitaka kuongeza chandarua juu ya vumbi; tulijaribu, lakini mu juma tatu kilikuwa chekundu na kizito na hewa haipiti, kipimo kikapanda mpaka 40. Ukitaka chandarua, uwe mtu wa kukifua kila juma. Mimi ninajijua. Tulikitoa, na kila mwezi tunapangusa matundu ya ampli na burashi laini ya kupaka rangi. Kwanza tunachomoa ku umeme na kuiacha ipoe. Kifuniko chake hatukifungui kamwe: zile kondansateri zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa.

Jambo lingine lilijulikana kwa bahati. Bwana yangu, akitaka wageni walio inje wasikie muziki, alikuwa ameunganisha bafle mbili za zamani ku waya zile zile za bafle za mbele. Fundi alipoona alishika kichwa. Bafle mbili za omu 8 ukizifunga pamoja namna ile zinakuwa mzigo wa omu 4, na ampli inatafuta kutoa umeme mara mbili. Joto linaongezeka hata kabati likiwa zuri namna gani. Bafle za inje zilirudi mu karatoni yao. Kuhusu jambo hilo bwana yangu hapendi niseme zaidi, na ninamheshimu.

Umeme ukikatika na sisi tuko tunatazama, vantilateri nayo inasimama, na joto lililobaki ndani ya ampli linapanda bila kutolewa. Basi ninafungua mlango wa mbele mara moja. Hiyo ndiyo sababu funguo hazikai tena ku kitenge. Zinaning'inia ku msumari, pembeni ya kabati, mahali mtoto wa miaka 14 anaweza kufika.

Nilimwomba mtoto radhi. Nilifanya hivyo mu salo, mbele ya nkambo, kwa kuwa kofi lilikuwa limepigwa mbele yake. Nilisema kwa sauti kubwa ili mzee asikie, na nilitazama upande wake ili aone midomo yangu, ingawa mu desturi yetu si vyepesi kumtazama baba mukwe usoni. Nilisema: siku ile ulisema kweli, iko na moto, na mimi sikugusa. Mtoto alikaa kimya. Alikuwa anakuna mbao na ukucha. Kisha akajibu:

– Njo ile nilikuwa nakwambia, mama.

Hakusema lingine, na mimi sikumlazimisha. Magaribi yale alirudi kukaa mu salo, lakini ku mkeka, si pembeni yangu. Ilipita miezi kabla hajarudi ku kiti chake.

Kazi ya kupima ilibaki yake na nkambo. Walichukua daftari, ile iliyofunikwa na picha ya ampli, na kila magaribi saa moja waliandika namba mbili: joto la salo na joto la kabati. Mimi niliona ni mchezo. Lakini mu mwezi wa 2 mwaka 2024 namba ya kabati ilianza kupanda kidogo kidogo, 36, 37, 39, na salo haikubadilika. Walifungua, wakakuta buibui na vumbi mu grilaji ya chini. Pasipo daftari tungengojea taa nyekundu.

Mu mwezi wa 6 mwaka 2024 mugodi wa Kipushi, ambao ulikuwa umelala tangu mwaka 1993, ulitoa tena zinki, ya kwanza mu kiwanda kipya. Ilikuwa mu habari za televizio. Tulikaa wote. Baridi ilikuwa imeingia, nkambo amevaa koti lake la zamani. Ile bafle ya katikati ikasema jina la Kipushi, na mzee akainua mkono tunyamaze, ijapo hakuna aliyekuwa anasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Walionyesha watu wenye kofia ngumu, walionyesha mashine. Aliinama mbele, akatazama ile picha kwa makini, akauliza kama wameonyesha vantilateri, maana yeye hakuziona.

– Hawakuonyesha, nkambo, mtoto akajibu.

Mzee akatikisa kichwa, hakupendezwa. Kisha akaelekeza kidevu ku kabati. Mtoto akasimama, akachukua funguo ku msumari, akafungua na kutia mkono juu ya ampli.

– Iko namna gani?

– Vuguvugu tu, nkambo. Salo 22, kabati 27.

– Andika, mzee akasema.